Jinsi ya kushika hesabu ya Kentucky na Kansas ukiwa Lubumbashi

Kwanza nunua kaye, yaani daftari. Ya miraba, kurasa mia moja zinatosha, pamoja na bik mbili: ya bluu na nyekundu. Simu utatumia hiyo hiyo uliyo nayo. Nasema hivyo kwa sababu vijana wa kartie wananiuliza kila mara ni programu gani ya kupakua ili wajue nani anaongoza kati ya Kentucky na Kansas, timu mbili za basketi za vyuo vikuu vya Marekani, kwa ushindi wote tangu mwanzo. Programu itakupa namba tu. Haitakuambia namba hiyo imetoka wapi, wala kwa nini mwaka 2023 namba ya mmoja wao ilishuka bila mechi hata moja kuchezwa. Kazi yangu ya mchana ni kushika vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, ndiyo maana wananiita Mama Kontable, na namba isiyo na maelezo pembeni siiamini, iwe ya misumari au ya basketi.

Kwa asiyejua: huko Marekani timu za vyuo vikuu zina wapenzi wake wa kufa na kuzikana. Kentucky iko mji wa Lexington, Kansas iko mji wa Lawrence. Hakuna chuo kilichoshinda mechi nyingi kama hivi viwili, kila kimoja kimepita 2,400, na vinanyang'anyana nafasi ya kwanza. North Carolina inawafuata kwa karibu, Duke nyuma yake. Aliyekulia kati ya Mazembe na Lupopo, timu zetu mbili za soka hapa mjini, hahitaji kufundishwa ubishi wa namna hii.

Lakini sisi tuna sababu yetu. Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, Novemba 1999, alivaa jezi ya Kentucky misimu miwili ya 2021-22 na 2022-23. Ule wa kwanza alichaguliwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani, akiwa na wastani wa ribaundi 15 kwa mechi, yaani mipira anayoidaka baada ya mtu kurusha na kukosa. Kwa hiyo ndani ya namba ya Kentucky mna jasho la mtoto wa hapa. Mimi sioni haya kusema kwamba kaye yangu ilianza kwa ajili yake.

Sasa fungua ukurasa. Chora safu nne: msimu, Kentucky, Kansas, maelezo. Safu ya maelezo iwe pana kuliko zote tatu. Usianze na 1898, utachoka kabla ya kufika popote. Anza na msimu wa 2020-21, ule wa korona, kwa sababu hapo ndipo mbio zilipochangamka: Kentucky walishinda 9 tu na kupoteza 16, jambo ambalo wazee wa Lexington walikuwa hawajaliona tangu miaka ya 1920. Kansas mwaka huo huo walishinda 21. Tofauti iliyokuwa 16 ikabaki 4. Ukivuka hapo, andika kianzio cha msimu wa 2021-22 kwa bluu: Kentucky 2,327, Kansas 2,323.

Msimu wa 2021-22 uupe ukurasa mzima, unastahili. Januari 2022 Kentucky walikwenda Lawrence na kuwapiga Kansas nyumbani kwao 80-62. Hapa mgeni huwa anakosea hesabu. Anadhani timu hizi zikikutana tofauti inasogea kwa mbili. Hapana. Tunahesabu ushindi peke yake: mshindi anaongeza moja, aliyepoteza anabaki alipo, basi tofauti inasogea kwa moja. Na ukubwa wa ushindi hauna kazi hapa. Desemba 1989 Kansas waliwafunga Kentucky 150-95, matokeo ambayo mpaka leo yanauma kule Lexington, na katika kaye ni moja tu, sawasawa na ushindi wa pointi moja.

Kisha ukaja usiku wa kuamkia 18 Machi 2022. Mashindano ya taifa, ambako ukipoteza unatoka: Kentucky dhidi ya Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City ambacho wengi hatukuwahi kusikia jina lake. Oscar alifunga pointi 30 na kuchukua ribaundi 16. Mechi ikaenda muda wa nyongeza, Kentucky wakapoteza 85-79, na namba yao ikagota kwenye 2,353. Andika pointi hizo 30 na ribaundi hizo 16 katika safu ya maelezo hata kama hazibadilishi jumla. Mtu akisoma kaye yako baada ya miaka ajue kwamba kijana wetu hakulala siku ile.

Kentucky wakiwa wamekwenda nyumbani, Kansas waliendelea kushinda. Tarehe 25 Machi waliwatoa Providence 66-61, na huo ulikuwa ushindi wa 2,354: wakapita. Wakashinda mechi tatu zaidi, ya mwisho ikiwa fainali dhidi ya North Carolina, 72-69, baada ya kwenda mapumziko wakiwa nyuma kwa pointi 15. Funga msimu: Kentucky wameshinda 26, jumla 2,353. Kansas wameshinda 34, jumla 2,357.

Msimu wa 2022-23 hauna mengi. Kentucky 22, jumla 2,375. Kansas 28, jumla 2,385.

Shika sasa bik nyekundu. Oktoba 2023, kesi iliyokuwa imekokotwa kwa miaka iliisha, na Kansas wakafutiwa ushindi 15 wa msimu wa 2017-18 kwa sababu mchezaji aliyecheza mechi hizo hakustahili kucheza. Andika kwa nyekundu: toa 15, Kansas 2,370. Kentucky wakarudi mbele kwa 5, bila kurusha mpira. Nenda sasa urudi juu kwenye safu zako ujumlishe misimu ile miwili: Kansas 34 na 28 ni 62, Kentucky 26 na 22 ni 48. Yaani uwanjani, kwa miaka miwili, Kansas walipata nyongeza ya 14. Kwa uamuzi mmoja wa mezani zikaondoka 15. Mtu aliyesoma jumla peke yake hawezi kuliona hilo, na kwangu mimi hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika mbio hizi. Ndiyo maana nakwambia ushike hesabu mbili, ya mechi zilizochezwa na ya mechi zinazotambuliwa, na usikubali mtu akuchanganyie.

Jihadhari na kosa moja hapo. Ushindi ukifutwa, mpinzani hapewi. Timu iliyopoteza mwaka 2018 bado imepoteza katika vitabu vyake yenyewe, ila aliyeifunga hana tena ushindi ule. Usihamishe namba kwenda safu nyingine, futa tu.

Na usiseme nyekundu ni ya Kansas peke yao, maana nawajua mashabiki wa Kentucky wa hapa kwetu. Kentucky nao walifutiwa ushindi wa mechi mbili za mashindano ya taifa ya 1988. Zamani zaidi, msimu wa 1952-53 hawakucheza kabisa, walifungiwa baada ya uchunguzi uliofuata kashfa ya wachezaji kuhongwa wapunguze pointi. Huo ni mwaka mtupu katika kitabu chao. Waliporudi walicheza mechi 25 wakashinda zote 25. Nani ajuaye mwaka ule mtupu ungekuwa na ngapi? Mimi siongezi kitu nisichokiona; naacha mstari mweupe na sababu yake pembeni.

Kuhusu mechi gani ziandikwe: za ligi, za mashindano ya kanda, za mashindano ya taifa ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo, hata za NIT kwa walioshindwa kufika huko. Mechi za majaribio za Oktoba usiziandike, wala zile wanazocheza wakisafiri nje wakati wa kiangazi.

Saa ndiyo inayowashinda wengi. Msimu unaanza Novemba na kuisha mwanzoni mwa Aprili, ambayo kwetu ni mvua tupu, na radi ikipiga umeme unaondoka. Chaji simu mchana. Lexington wako nyuma yetu kwa saa 7, Lawrence kwa saa 8. Mechi ya saa tatu usiku Lexington ni saa kumi alfajiri hapa. Mechi ya saa mbili usiku Lawrence, vilevile saa kumi alfajiri. Zilizo nzuri kwetu ni za Jumamosi mchana: ikianza saa saba kule Lexington, hapa ni saa mbili usiku, watu wamekula bukari, mnakaa pamoja. Halafu Jumapili ya pili ya Machi Wamarekani wanasogeza saa mbele, na tofauti inakuwa 6 na 7. Mabadiliko hayo yanaangukia siku chache kabla ya mashindano makubwa, na kila mwaka kuna mtu anafungua simu akakuta kipindi cha kwanza kimekwisha.

Mega zikiwa chache, usizichome kwenye video ya mechi nzima. Soma matokeo asubuhi, andika, halafu tafuta vipande vifupi. Kimoja nakipendekeza kwa kila mtoto anayecheza: Desemba 2021, Kentucky na Western Kentucky, Oscar alipochukua ribaundi 28. Ukitazama usifuate mpira. Fuata miguu yake. Tazama anavyoanza kutembea wakati mpira ungali mikononi mwa anayerusha, anavyoweka mgongo kwa mpinzani, anavyopanua viwiko bila kumpiga mtu. Kijana mmoja ninayemfahamu, mwenye miaka 14, nilimwambia asitazame kingine ila miguu kwa wiki nzima. Sasa wenzake wanagombania kuwa upande wake.

Jambo jingine litakalokusaidia kwenye ubishi ni kujua kwamba hawa maadui ni ndugu. James Naismith aliyebuni mchezo huu mwaka 1891 kule Springfield ndiye aliyekuwa kocha wa kwanza wa Kansas. Mechi yao ya kwanza, Februari 1899, walipoteza 16-5 kwa timu ya YMCA ya Kansas City, na Naismith aliacha kazi akiwa ameshinda 55 na kupoteza 60. Baada yake alikuja Phog Allen, ambaye uwanja wao una jina lake. Miongoni mwa vijana aliowafundisha Allen alikuwapo Adolph Rupp, ambaye alikwenda Kentucky mwaka 1930, akakaa mpaka 1972 na kushinda 876. Alikuwapo pia Dean Smith, akaenda North Carolina na kushinda 879. Kwa hiyo sehemu kubwa ya namba zinazowakimbiza Kansas leo zilijengwa na watoto waliolelewa Kansas. Shabiki wa Lexington akikusumbua mno, mkumbushe hilo kwa upole, akiwa mkubwa wako anza na "yaya".

Naye atakujibu na vikombe. Mwache, lakini mwandikie ukurasa tofauti. Mataji ya NCAA ni hesabu nyingine: UCLA wanaongoza na 11, kumi kati yake chini ya kocha John Wooden, Kentucky wana 8, Kansas wana 4. Mtu anayechanganya vikombe na jumla ya ushindi hajajibu swali uliloulizwa.

Kutoka pale tulipoacha Oktoba 2023, nakupa misimu miwili uanze nayo. 2023-24: Kentucky 23, Kansas 23. 2024-25: Kentucky 24, Kansas 21. Jumla zako zikisoma 2,422 na 2,414 umeshika vizuri. Inayofuata ni kazi yako.

Kila Aprili, baada ya fainali, linganisha kaye yako na jumla ambayo vyuo vyenyewe vinaitangaza. Ikiwa umepungukiwa moja au mbili, usianze kupekua msimu mzima, nenda moja kwa moja Novemba, kwenye mashindano ya Maui kule Hawaii, kama timu yako ilikwenda mwaka huo. Hawaii na Lubumbashi zinatofautiana saa 12 kamili: mechi ya saa nane mchana huko inachezwa hapa saa nane usiku, na mara nyingi zinafuatana siku tatu mfululizo.