Kabla hujaita fundi wa ile kotiji yako ya shamba

Watu wa Nairobi tukishamaliza kulipa ploti Isinya ama Matuu ama huko Nanyuki, kitu cha kwanza ni kutafuta picha. Simu inajaa veranda za mbao, madirisha marefu mpaka chini, sijui moto wa kuota usiku. Sasa nyumba yenyewe ndio kitu rahisi kwa hii stori yote. Kinachomaliza pesa ni vile vitu hakuna mtu hupiga picha, yaani maji, njia, udongo na karatasi, na hivyo ndivyo vinafaa kukuambia nyumba ikae wapi na iwe kubwa kiasi gani.

Karatasi tupite nazo haraka ingawa ndizo huliza watu. Angalia kwa rejista ya ardhi kama anayekuuzia ndiye mwenye jina kwa hatimiliki, na kama shamba halijashikwa na mkopo wa benki. Kama limeandikwa shamba la kilimo, na mengi ya huko nje bado yako hivyo, lazima mpitie bodi ya kudhibiti ardhi ya huko mpate kibali, na maombi yaingie ndani ya miezi 6 baada ya kuandikiana, bila hicho kibali mauzo yenu hayana nguvu kisheria hata kama ulishalipa mpaka shilingi ya mwisho. Bibi ya muuzaji, ama bwana, pia akubali kwa maandishi, usiambiwe tu "huyo hana shida". Alafu lipa saveya akuonyeshe bikoni zote, yaani alama za mpaka, kwa macho, maana barabara inaweza kuwa safi kabisa kwa ramani na kwa graundi ni mahindi ya jirani.

Wale wa kuota kotiji kando ya mto pia waende pole pole. Unatakiwa kuacha kati ya mita 6 na 30 kutoka pale maji hufika yakifurika, na mwezi wa nane 2018 si tuliona Ukay Centre ikiangushwa pale Westlands juu ya mambo ya mto, jengo zima, sembuse kijumba chako.

Udongo ndio usicheze nao. Upande mkubwa wa Kajiado, Kitengela na Athi River ni ule mweusi, blak koton, na ukienda Januari utaona nyufa unaingiza mkono mpaka kwa kifundo, mvua ikinyesha unafura tena na viatu vinakuwa kama umefungiwa matofali. Huo udongo unasukuma ukinywa maji na unarudi nyuma ukikauka, sasa nyumba iliyowekwa juu yake moja kwa moja inapasuka ukuta, mara nyingi inaanzia kona za madirisha inapanda kwa mshazari. Chimba shimo la majaribio kabla ya ramani yoyote. Ukipata maramu, ule udongo mgumu wa changarawe, ama mwamba karibu, sawa, unatoa udongo wote mweusi unajaza mawe na maramu unashindilia. Ukichimba mpaka kijana anapotelea ndani na bado ni mweusi, hapo mtafute injinia akuchoree msingi wa hiyo hali, usikubali fundi akwambie "tutaongeza tu vyuma mdosi".

Njia iangalie mvua ikinyesha, Aprili hivi. Kuna mzee wa boma moja upande wa Isinya alituambia, "Vijana, hapa mwezi wa nne hata pikipiki inabebwa." Broka alikuwa ametupeleka Februari, na sidhani hiyo tarehe aliokota tu. Lori la mawe kutoka machimbo ya Ndarugu likikwama, unalipa trekta ya kulitoa na unalipa vijana wa kubeba mawe kwa mkono mpaka saiti, kwa hivyo mali zote nzito ziingie kabla masika haijaanza.

Maji sasa, hapa piga hesabu kabisa. Milimita moja ya mvua kwa mita moja mraba ya mabati ni lita moja. Paa la mita mraba 80 mahali panapata milimita 500 kwa mwaka ni lita 40,000, toa kitu kama robo ya kumwagika na kukauka ubaki na 30,000. Inaonekana mob, lakini inakuja kwa mafungu mawili, masika na vuli, na kutoka Juni mpaka Oktoba unaishi na ile iko kwa tangi. Watu wanne wikendi peke yake, lita 50 kila mtu kwa siku, ni kama 1,600 kwa mwezi, tangi la 10,000 linakuvusha. Wakihamia kabisa ni 6,000 kwa mwezi na hilo tangi halimalizi hata miezi miwili. Kisima cha mashine kinataka kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji na upimaji kwanza, na Kajiado na upande wa Naivasha peleka maji yapimwe floraidi kabla ya kushangilia. Na kumbuka wakati wa mjengo hakuna paa bado, simiti inataka kumwagiwa maji angalau wiki nzima, hapo ni kuitisha boza, lile lori la maji.

Ramani ipitishwe na kaunti na mradi usajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, hata kama ni shamba. Stima, angalia transfoma iko umbali gani, kama iko mbali sola inaweza kuwa rahisi zaidi.

Jenga stoo kwanza. Simiti ikae juu ya mbao isiguse sakafu, fundi alale hapo, baadaye inakuwa jikoni ama nyumba ya keateka. Ndio sasa uite akitekti, umwambie kuta ndefu ziangalie kaskazini na kusini, choo kikae magharibi juu upepo wetu mwingi hutoka mashariki, na kama lazima veranda iangalie jua likizama Ngong, paa litokeze mita moja na nusu upande huo, la sivyo saa tisa hakuna mtu atakalia hivyo viti.