Filta ya Tenki la Samaki: Ichague kwa Siku Umeme Ukikatika

Ukiingia duka la samaki wa mapambo hapa Dar ukauliza filta nzuri ni ipi, utaonyeshwa ama iliyo ghali kuliko zote ama iliyojaa stoo. Mara chache utaulizwa: kwako umeme ukikatika, hurudi baada ya muda gani? Mimi nafunga na kuhudumia matenki majumbani, na hilo ndilo swali ninalomuuliza mteja kabla hata sijaliona tenki lenyewe. Asubuhi nyingi nilizoitwa kuja kuokota samaki waliokufa, chanzo kilikuwa filta iliyozimika usiku ikagoma kuwaka umeme uliporudi.

Hatua ya 1: Pima tenki

Chukua futi kamba. Urefu mara upana mara kimo, vyote kwa sentimita, gawanya kwa 1,000, unapata lita. Tenki la 60 kwa 30 kwa 35 ni lita 63. Toa changarawe, mawe na nafasi ya juu usiyoijaza, yanabaki maji lita 55 hivi. Filta iyazungushe maji hayo mara 4 hadi 6 kwa saa, yaani lita 220 hadi 330. Goldifishi huchafua maji kama bata, kwao panda hadi mara 8. Beta, yule wa mapezi marefu kama kanga iliyolowa, hapendi mkondo. Mtafutie filta ya taratibu.

Hatua ya 2: Jua nani anaishi ndani ya filta

Wengi hudhani filta kazi yake ni kunasa uchafu. Uchafu ni kazi ndogo. Kinyesi na chakula kinachooza hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kwenye sponji na vipande vya kauri hukaa bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia ukiwa unabadilisha maji. Filta mpya huchukua kama wiki 4 hadi 6 kupata bakteria wa kutosha, kwa hiyo usiingize samaki kumi siku ya kwanza.

Bakteria hao wanapumua, na oksijeni yao huletwa na maji yanayopita. Hapa joto letu linatuumiza: maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, yakifika nyuzi 30, kama ilivyo Februari sebuleni kwa mtu asiye na kiyoyozi, hubeba kama 7.5 tu. Filta ikizimika, samaki na bakteria wanagombea hicho kidogo.

Hatua ya 3: Chagua aina kulingana na umeme wa mtaani kwenu

Kama umeme wenu ni wa kuja na kuondoka, nunua filta ya sponji inayosukumwa na pampu ya hewa. Haina sura, na wateja wa Mbezi huniambia inaharibu sebule. Lakini sponji imekaa wazi ndani ya tenki, kwa hiyo hata pampu ikizimika bakteria wake bado wameguswa na maji ya tenki. Pampu yenyewe kwa tenki dogo hula wati chache tu, na zipo za waya wa chaji ya simu, unazichomeka kwenye pawabenki. Angalizo: pawabenki nyingine hujizima zikiona kifaa kinavuta umeme kidogo mno. Ijaribu mchana kwa saa nzima, usisubiri usiku wa giza ndipo ugundue.

Ile ya kuning'inia mgongoni mwa kioo ni nzuri na rahisi kuosha. Umeme ukikatika, maji hushuka kwenye bomba lake la kunyonya, na baadhi haziwezi kuyavuta tena zenyewe. Mota inalia kavu mpaka inaungua. Ya kuzama ndani haina tatizo hilo, ila ina nafasi ndogo ya sponji.

Ya mkebe, inayokaa kabatini chini ya tenki, ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Ndiyo pia iliyonifunza adabu. Niliifunga kwangu Tabata, nikajisifu wiki nzima. Usiku mmoja umeme ukakatika saa mbili, ukarudi kunapambazuka, filta ikawaka yenyewe. Nilipoamka chumba kinanuka yai viza. Maji yaliyofungiwa ndani ya mkebe yalikuwa yameishiwa oksijeni, bakteria wakafa na uchafu ukaoza, na mota ikauleta uozo wote tenkini. Kufikia saa nne samaki walikuwa juu ya maji wanahema. Walipona wawili. Sasa ya mkebe namfungia mwenye jenereta au betri kubwa ya nyumba tu.

Hatua ya 4: Ijaribu kabla hujalipa

Omba beseni la maji. Usiiwashe kavu. Iache ifanye kazi dakika chache, ichomoe, subiri dakika tano, ichomeke tena bila kuigusa. Isiyorudi yenyewe dukani haitarudi yenyewe ukiwa umelala. Muuzaji akisema, "Kaka, itikise kidogo tu," mrudishie.

Kisha fungua mota utazame kipangaboi chake. Kizunguke bila kukwaruza, na ule mhimili mwembamba wa kauri usiwe na ufa. Uliza kama kipangaboi na mhimili vinauzwa pekee. Kwa pampu ya hewa ulizia mpira wa ndani. Filta ya bei ya kati yenye vipuri Kariakoo naipenda kuliko ya kifahari ambayo kipuri chake ni cha kuagiza.

Namba iliyo kwenye boksi usiimeze nzima, kwa kawaida hupimwa bila sponji ndani. Valisha mpira kwenye mdomo wa kutolea maji, elekeza kwenye ndoo ya lita 10, shika saa ya simu. Moja niliyoipima juzi boksi lilisema lita 500 kwa saa. Ndoo ilijaa kwa sekunde 120, yaani lita 300. Bado ilifaa tenki la lita 55, lakini mwenye tenki la lita 100 angekuwa ameuziwa boksi.

Hatua ya 5: Kufunga

Pampu ya hewa ikae juu ya usawa wa maji, au uweke valvu ya kuzuia maji kurudi, la sivyo umeme ukikatika maji yataifuata pampu kwenye mpira. Waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone lidondoke sakafuni.

Hatua ya 6: Kuosha

Suuza sponji kwa maji uliyochota tenkini, kwenye ndoo. Maji ya bomba ya DAWASA yana klorini, inaua bakteria uliowafuga mwezi mzima. Sabuni usiilete hata karibu. Wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi wataona ukoko mweupe kwenye kipangaboi. Kiloweke kwenye siki, kisugue kwa mswaki wa zamani, kisuuze vizuri.

Hatua ya 7: Umeme ukikatika

Acha kulisha. Ikipita saa moja na huna pampu ya betri, chota maji ya tenki kwa jagi uyamimine kutoka juu, mara ishirini hivi, urudie kila baada ya muda. Kama filta ni ya mkebe, ichomoe kwenye soketi ungali macho. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, ifungue kwanza, mwaga yale maji, inuse, suuza sponji kwa maji ya tenki, ndipo uiwashe.