Tambi za kuku na sosi ya njugu za chapchap, na sosi usiiweke motoni

Bibi yangu yuko Wete, siku nilomwambia kwenye simu kwamba usiku nimepika tambi kwa kuku na njugu alinyamaza kidogo halafu akaniuliza, "Na sukari ushatia?" Namuelewa. Huku kwetu Zanzibar ukisema tambi mtu anaona zile za futari, za nazi na hiliki na zabibu. Kwahiyo kabla hamjanijia juu, hizi sizo. Hizi ni za chumvi, zile ndefu wengine wanaita spageti, na sosi yake ni njugu, hizi bara wanaita karanga, zilosagwa na soya sosi na ndimu na pilipili, mapishi ya upande wa Indonesia na Thailand. Waindonesia ndo wale mishikaki yao wanakula na sosi ya njugu, wanaiita satay. Sisi yetu pale Forodhani tunaimwagia ukwaju na pilipili, kila mtu na lake.

Mie napika hii siku nikichelewa. Nakaa Michenzani ghorofa ya nne, nikifika juu na vifuko mkononi Magharibi ishaadhiniwa, mkaa siwashi, gesi yenyewe naionea uchungu, na tumbo linadai. Kama kuku ushamkata ni dakika 25, kama hujamkata na una maneno mengi hesabu 40.

Sasa kuna kitu kimoja watu wa kwetu tunakosea na mie nimekikosea vizuri sana: tunaipika sosi ya njugu kama mchuzi. Mkono ushazoea, kitunguu kikaangwe, tungule zitiwe, tui litiwe, vichemke, uonje, vichemke tena. Mara ya kwanza nilifanya hivohivo, nikakaanga thomu (kitunguu saumu), nikatia siagi ya njugu, nikatia maji, nikafunika nikaenda kusali, narudi nakuta chini kumeungua kweusi tititi na juu mafuta yanaelea peke yake, imekatika kama tui lilochemka bila kukorogwa. Sufuria niliiroweka siku mbili. Njugu karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na ule unga wake unobaki unakunywa maji unakuwa mzito, ukiutia moto mkali maji yanakauka, unga unashika chini, mafuta yanajitoa. Kwahiyo sosi hii inakorogwa ndani ya bakuli, mbali na jiko, na joto lake linatoka kwenye maji yaliyochemshia tambi. Jikoni haikai kabisa, labda nusu dakika mwisho wakati wa kuchanganya.

Vitu vya watu wanne. Tambi gramu 400, nyama ya kuku isiyo mfupa nusu kilo, kidari au paja, mie paja maana kidari kikipitiliza kidogo tu unatafuna sponji. Siagi ya njugu vijiko 8 vya kulia, vya kawaida visivyo mlima. Soya sosi vijiko 4, ndimu 2, sukari kijiko kimoja cha kulia au asali, thomu punje 3 au 4, tangawizi kipande kama kidole gumba, pilipili mbuzi 1 au nusu yake kama una watoto, mafuta ya kupikia kidogo. Ukiwa na karoti, pilipili boga, kabichi, tango, majani ya vitunguu na kotmiri lete vyote, usipokuwa navyo maisha yanaendelea. Hivi vyote Darajani unavipata kwa mzunguko mmoja, soya sosi ndo utaingia dukani.

Siagi ya njugu ya kopo inafaa, ila soma ubavuni, nyengine zina sukari nyingi, ukiwa na hiyo basi sukari yako iache kwanza mpaka uonje. Mie siku nikiwa na wasaa nasaga mwenyewe na wallahi hailingani. Chukua njugu robo kilo, kama mbichi zikaange kwenye karai kavu moto mdogo unageuza tu mpaka zianze kunukia kama za kashata na ukimenya moja unaikuta rangi ya dhahabu, si kahawia, kahawia ushachelewa, itakuwa chungu. Zikipoa zisugue kwenye kitambaa, toka nje upepete maganda, halafu blenda. Hapa uwe na subira. Mwanzo zitakuwa chenga, halafu zitajikusanya tonge moja linogoma kuzunguka na utaona blenda imekushinda, zima, kwangua pembeni, ipumzishe mota dakika mbili, washa tena. Baada ya dakika 5 mpaka 8 hivi mafuta yake mwenyewe yanatoka na tonge linalainika ghafla, linang'ara, linamiminika. Usitie maji kuisaidia blenda, hata kijiko, ukitia maji inakwama jumla. Ukiona inakutesa tia mafuta ya kupikia kijiko kimoja. Na njugu mawe usijaribu, nazipenda sana za nazi lakini mafuta yake ni machache, utapata unga wa kupakia ukuta.

Kabla ya kukaanga njugu zako zichambue kwenye sinia, moja moja, hapa sina utani. Ilosinyaa, ilobadilika rangi, yenye ukungu, tupa. Ukitafuna moja ukaona chungu kwa ndani, itupe na uziangalie upya zilobaki. Ukungu wa njugu na mahindi unatoa kitu kinaitwa sumukuvu, kinaharibu ini na moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu, na visiwa vyetu hivi vyenye unyevu ukiacha njugu kwenye mfuko wazi wakati wa masika unajitafutia. Nunua kidogo kidogo, weka mahali pakavu kwenye chombo kinofunga.

Haya tuingie jikoni. Kitu cha mwanzo kabisa teleka maji ya tambi, lita 3 au 4, maana ndo yanochelewa, na chumvi kijiko kimoja cha chai tu, soya sosi ni chumvi tupu na maji haya yatarudi kwenye sosi.

Yanavochemka kata kuku. Kama ametoka kwenye friza hakikisha amelainika wote, mie namuweka na mfuko wake kwenye bakuli la maji baridi, simuachi mezani tangu asubuhi na joto hili. Ukimlainisha hivo basi mpike papo hapo, usimrudishe kwenye friji. Kata vipande virefu vyembamba kama kidole cha mwisho, ukipinga mishipa ya nyama, usiifuate, ukiifuata anakuwa kamba. Ukishamkata mfute kwa kitambaa au karatasi mpaka akauke. Wengi tunamuosha kwa ndimu tunamtia kwenye mafuta bado anachuruzika, halafu tunashangaa kuku anatokota badala ya kukaangika. Mpake kijiko kimoja cha soya sosi katika vile vinne, pilipili manga kidogo, basi. Bizari ya mchuzi iache kabatini leo, najua mkono unawasha.

Na kuku ninomsema ni wa kizungu, wa kienyeji hapa si mahali pake. Ukitaka kwa lazima mchemshe mpaka alainike, mchambue nyama, ndo uendelee, lakini hapo uchapchap umekufa.

Karai lipate moto sawasawa, mafuta vijiko 2, tia nusu ya kuku, mtandaze, muache dakika mbili usimguse ashike rangi ndo umgeuze, jumla dakika 5 au 6, mtoe, tia nusu ilobaki. Ukimtia wote mara moja karai linapoa, anatoa maji, tunarudi kulekule kwenye kutokota. Chukua kipande kinene kuliko vyote ukipasue katikati, kiwe cheupe chote na maji yake yawe safi, kama kuna uwaridi rudisha. Karai hilohilo, kama kuna karoti na kabichi na pilipili boga zipitishe dakika mbili, zibaki na mlio.

Maji yakichemka tia tambi. Zile ndefu usizivunje, zisukume taratibu zinajikunja zenyewe. Kama paketi imesema dakika 10 wewe zionje ya 8, ziwe zimeiva lakini katikati bado zina ubishi kidogo, zitamalizia kwenye sosi. Zile za mawimbi mawimbi za kipaketi zinazoiva dakika 3 nazo zinafaa, kile kiunga chake tupa au weka, ila humu kisiingie.

Wakati tambi zinachemka ndo unafanya sosi. Bakuli kubwa, ponda thomu na tangawizi na pilipili kwenye kinu kidogo mpaka ziwe uji, tia siagi ya njugu, soya sosi ilobaki, sukari, na ndimu moja na nusu. Koroga. Hapa utaogopa, inakaza, inakuwa kama udongo wa kukandika nyumba na inashika kijiko haitaki kuachia, na ndo mahali watu wanapokata tamaa wakamwaga kikombe kizima cha maji ikawa mabonge yanaogelea. Usimwage. Chota upawa mmoja wa maji ya tambi yanochemka, tia vijiko viwili tu, koroga kwa nguvu. Inakaza tena. Tia viwili vyengine. Mara ya tatu au ya nne unaiona inageuka mbele ya macho yako, ile rangi ya udongo inapauka, inakuwa ya maziwa ya chai, inateleza, ukinyanyua kijiko inashuka utepe mmoja unakaa juu juu kidogo ndo unazama. Hapo unaweza kuongeza maji bila hofu. Kwa vipimo hivi inakunywa kama kikombe kimoja cha chai, pengine kidogo zaidi, na iache iwe nyepesi kuliko unavyotaka, maana ikikutana na tambi inakaza tena.

Onja sasa. Inatakiwa ikupige chumvi, ukali wa ndimu na utamu, njugu ije nyuma yake. Ikiwa nzito tu mdomoni inakuganda kwenye meno, haijataka njugu nyengine, imetaka ndimu. Kama ndimu huna, ukwaju ulorowekwa mzito vijiko viwili unafanya kazi hiyohiyo, na mie siku nyengine naupenda zaidi. Soya sosi ikikosekana tia chumvi na ukwaju, italika, lakini haitokuwa yenyewe.

KABLA hujachuja tambi, chota gilasi nzima ya yale maji uweke pembeni. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu nimeshayamwaga mara tatu kwenye sinki nikiwa naongea na simu, halafu nikabaki na sosi ya udongo na maji ya bomba. Maji ya bomba yataiyeyusha ndio, ila yale ya tambi yana wanga wake, ndo unofanya sosi ishikane na tambi badala ya kushuka chini ya sahani. Chuja, usizisuuze na maji baridi, zirudishe kwenye sufuria lake moto, tia kuku na mboga, mimina sosi yote, jiko liwe limezimwa au moto mdogo wa nusu dakika tu, geuza kwa uma mbili kutoka chini kuja juu. Kavu? Maji kidogo ya ile gilasi. Geuza tena. Epua.

Juu yake majani ya vitunguu, kotmiri, tango lilokatwa vijiti, njugu za kukaanga zilopondwapondwa kijiko kimoja zipate kukatika chini ya jino, na nusu ndimu ilobaki. Pilipili ya kusaga pembeni kwa wenye roho ngumu. Mume wa dada yangu aliitilia chatne ya embe nikamwangalia tu, nikaonja, nikanyamaza.

Kama una wageni waulize kabla, njugu kuna watu hawazili kabisa, akionja midomo inavimba na pumzi zinabana, na humu hutomuonesha njugu iko wapi ipo kila mahali. Kwa mtu kama huyo usijaribu hata kumtolea sahani yake pembeni kwa uma uleule, mpikie kitu chengine.

Kilichobaki kisilale juu ya meza, ndani ya saa mbili kiwe kwenye friji. Asubuhi utakikuta kimeganda umbo la bakuli, usitishike, kitie kwenye karai na maji robo kikombe, moto mdogo, funika, kikianza kuachia geuza mpaka kipate moto mpaka ndani, halafu kamua ndimu upya maana ile ya jana ishakufa.