Lebo za chupa za jikoni: usianze kabla hujajua printa yako ni ya aina gani

Juzi wifi yangu alitia chumvi kwenye chai ya wageni. Chupa ilikuwa na lebo, tena nzuri, ila ilibandikwa kwenye mfuniko, na mifuniko ilikuwa imebadilishana siku ya kuosha vyombo. Basi kabla hatujashika mkasi tukubaliane: lebo inakaa ubavuni mwa chupa. Jioni ile tulizifanya upya zote, na hivi ndivyo tulivyofanya.

1. Safisha chupa

Iloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni hadi karatasi ya zamani ilegee. Gundi iking'ang'ania, ipake mafuta ya kupikia, iache kidogo, kisha isugue. Osha mafuta yote, kausha, halafu pitisha kitambaa chenye spiriti. Usiruke spiriti. Mafuta usiyoyaona ndiyo yanayobandua lebo wiki ya pili.

2. Pima na uandike

Kata kipande cha karatasi, kijaribishe kwenye chupa. Chupa iliyopanuka juu na kubana chini inataka lebo ndogo. Ukiweka ndefu itafanya mikunjo pembeni. Programu yoyote ya kuandikia inatosha. Chagua herufi nene zisizo na madoido. Zile za kujipindapinda kama za kadi za harusi zinapendeza kwenye skrini, lakini ukiwa na sufuria motoni hutazisoma.

3. Hamishia maandishi kwenye selotepu

Hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima nilipojaribu mara ya kwanza. Nilichapisha, nikabandika selotepu pana inayoonyesha juu ya maandishi, nikaloweka, nikasugua. Karatasi ikatoka na maneno yakatoka nayo! Nikarudia kwa selotepu nyingine, kisha kwa maji ya baridi, kisha nikailaumu karatasi. Kosa lilikuwa printa. Ya kwangu ni ya wino wa maji, na wino huo hunywewa na karatasi, kwa hiyo karatasi ikienda nao unaenda. Printa ya leza hutumia tona, unga wenye plastiki unaoyeyushwa kwa joto juu ya karatasi, na huo ndio unaong'ang'ania gundi ya selotepu. Huna leza? Peleka karatasi yako ikatolewe fotokopi. Mashine nyingi za fotokopi zinatumia tona hiyohiyo. Ukitaka kuhakikisha, lowesha kidole upitishe juu ya maandishi. Yakichuja, usiendelee.

Sasa bandika selotepu kwa mkupuo mmoja, bila kuunga vipande viwili, maana kiungo kitaonekana. Ikandamize kwa ukingo wa kadi ya benki iliyokwisha muda hadi weupe wa hewa uishe juu ya herufi. Kata, loweka kwenye maji ya uvuguvugu dakika kama kumi, kisha sugua upande wa karatasi kwa ncha ya kidole, taratibu, karatasi itoke kwa vijiroli vidogo. Usitumie kucha. Ikiwa bado mbichi utadhani umemaliza. Ikikauka utaona ukungu mweupe, yaani nyuzi za karatasi zilizobaki. Lowesha, sugua tena. Mimi hurudia mara mbili au tatu.

Jambo jingine: maandishi haya ni meusi na nyuma yake panaonyesha. Kwenye sukari na unga yanasomeka vizuri, kwenye kahawa na pilipili manga yanamezwa. Chupa za vitu vyeusi zifanyie lebo ya karatasi nyeupe, uifunike yote kwa selotepu ipite kingo zake kila upande, maji yasipenye.

4. Bandika

Iache lebo ikauke kabisa; gundi itarudi kunata. Anzia katikati, sukuma kwenda pembeni.

5. Tarehe

Usiichape kwenye lebo, kwa sababu utajaza chupa tena na tena. Iandike kwa penseli kwenye kipande cha selotepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, ukibandike chini ya kitako. Ukijaza upya, kibandue uweke kingine.

Kufuta kwa kitambaa kibichi hakuna neno. Kuzilowesha kwenye beseni usiku kucha, hapana.