Yungiyungi la buluu kwa beseni, hata kama ploti yako ni ndogo

Watu wa Kisumu, kama unapenda maua ya buluu na pale kwako maji hayasumbui, panda yungiyungi, lile ua la majini. Si lazima uchimbe bwawa, beseni kubwa ama pipa lililokatwa nusu linatosha, bora likae mahali jua linapiga masaa 6 hivi, kwa kivuli utaona majani tu na ua utalingoja mpaka uchoke.

Udongo ndio kila kitu. Chukua ule mweusi mzito wa uwanda wa Kano, ule unanata kwa gambuti, jaza ndoo ya lita 10 isiyo na matundu. Samadi mbichi usiweke kabisa. Mimi mara ya kwanza niliweka, maji yakageuka kijani yakaanza kunuka na kiazi cha yungiyungi, kile unapanda, kikaoza, niliumia sana juu nilikitafuta miezi. Siku hizi nafunga kijiko kimoja cha mbolea ya NPK kwa gazeti nakisukuma chini kabisa, mbali na kiazi. Na kiazi usikizike chote, ile ncha inachipuka iache ionekane, halafu tandaza changarawe juu ndio udongo usipande na maji.

Shusha ndoo polepole kwa beseni. Mwanzo maji yapite udongo kama vidole vinne, majani yakirefuka unaongeza mpaka sentimita 30 hivi. Ya mvua ni mazuri, ya mfereji yaache yalale siku moja kwanza. Weka samaki wadogo wawili watatu wamalize mabuu ya mbu, malaria ya huku tunaijua. Kama kuna mtoto anatambaa, funika na waya.

Sasa hii nawaomba sana, msiende ziwani mkabeba gugumaji mkidhani ni hili. Ua lake nalo lina kabuluu ka zambarau, lakini shina la jani limefura na jani limesimama juu ya maji. La yungiyungi ni duara, limelala juu ya maji, lina mpasuko mpaka kwa shina. Gugumaji lilitoka Amerika Kusini na tangu miaka ya 90 limefungia wavuvi wetu boti ufuoni, ukilimwaga kwa mtaro mvua italirudisha huko huko.

Ua la yungiyungi hufunguka asubuhi, alasiri linajifunga, hivyo siku tatu nne, kisha linazama. Likizama ingiza mkono ulikate chini karibu na kiazi, lisiozee ndani.