Jinsi ya kupiga picha za karibu za nyuki na vipepeo wakiwa mauani

Anayeanza kazi hii humkimbiza nyuki. Nyuki anatua, mpigapicha anainama, analenga, na kabla hajabonyeza nyuki keshahamia ua la tatu. Baada ya saa nzima kadi imejaa migongo yenye ukungu. Njia iliyofuatwa hapa ni kinyume chake: chagua ua kwanza, panga mwanga na mandhari ya nyuma kwa ajili ya ua hilo, kisha ngoja mdudu aingie kwenye picha uliyokwisha kuiandaa.

Hatua ya 1: Vifaa

Lenzi ya makro, yaani ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, inayofika ukuzaji wa 1:1 ndiyo ya uhakika. Kwa ukuzaji huo, kitu cha milimita 15 huacha taswira ya milimita 15 juu ya sensa, yaani kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea picha. Nyuki wa asali mfanyakazi ana urefu wa milimita 12 hadi 15, na sensa ya fremu nzima ina upana wa milimita 36, kwa hiyo hata kwa 1:1 nyuki hajazi nusu ya picha. Kipepeo ni mkubwa zaidi. Kwa wengi wao 1:3 au 1:2 inatosha, na ukizidisha utakata mabawa.

Kati ya lenzi za makro, chukua ya mm 90 hadi 105. Lenzi ya mm 100 kwenye 1:1 inakuachia takriban sentimita 13 kati ya kioo cha mbele na mdudu. Ya mm 60 inakuachia chini ya sentimita 10, na hapo lenzi yenyewe huanza kulitia ua kivuli.

Kama huna lenzi ya makro, tumia pete za kurefusha, yaani pete zisizo na kioo zinazokaa kati ya kamera na lenzi. Hesabu yake ni rahisi: gawanya urefu wa pete kwa urefu wa fokasi wa lenzi. Pete ya mm 25 kwenye lenzi ya mm 50 inaongeza ukuzaji wa 0.5, lakini kwenye lenzi ya mm 200 inaongeza 0.125 tu. Chagua pete zenye pini za umeme, maana kwa lenzi nyingi za kisasa, bila pini hizo huwezi kubadilisha tundu la lenzi, lile linalopitisha mwanga. Na usishangae ukishindwa kulenga vitu vya mbali: pete zikiwa zimefungwa, lenzi inaona vya karibu tu.

Kwa simu, kosa la kawaida ni kuusogeza mkono mpaka sentimita 3 kutoka kwa nyuki. Kivuli cha simu kinafika kabla ya picha. Kaa mbali kidogo, kuza mara 2 au 3 kwa kamera kuu, bonyeza na ushikilie kidole juu ya ua mpaka fokasi ijifunge, kisha ngoja.

Hatua ya 2: Saa ya kwenda

Nyuki haruki mpaka misuli ya kifua chake ipate joto, na kipepeo huanza siku kwa kuota jua. Ndiyo maana saa ya kwanza baada ya jua kuyafikia maua ndiyo bora kuliko zote: kipepeo anatulia akiwa ametandaza mabawa, na nyuki bado ni mzito. Kufikia adhuhuri wote wawili wana kasi, na jua la utosini linatia kivuli cheusi chini ya kila petali.

Upepo unaharibu zaidi kuliko mwanga hafifu. Kwa 1:1, ua likiyumba milimita 5 tu limeshahama karibu sehemu moja ya saba ya upana wa picha, na limeshatoka kwenye fokasi. Chomeka kijiti ardhini, ulibane bua kwenye kijiti hicho kwa kibanio cha nguo, chini ya mahali picha inapoishia.

Hatua ya 3: Chagua ua

Hapa ndipo pa kutumia muda. Simama dakika tano bila kuinua kamera, utazame wadudu wanakwenda wapi. Nyuki wa asali akitoka safari moja kwa kawaida hushikilia aina moja ya maua. Ukimwona kwenye mrehani, shughulika na mrehani wote ulio karibu na uache maua mengine.

Umbo la ua linakuambia atakapopita. Kwenye maua yaliyopangana wima kama ya mrehani, nyuki mara nyingi huanza chini na kupanda juu. Basi usimlenge alipo. Weka fokasi kwenye ua la tatu au la nne juu yake, naye atakuja mwenyewe. Kwenye alizeti, vile vijiua vidogo vya katikati hufunguka kwa miduara, kuanzia ukingoni kuelekea kitovuni. Duara lililofunguka leo ndilo lenye chavua na mbochi, na nyuki hutembea akilizunguka. Tazama kwa karibu: vijiua vya ndani bado ni vichipukizi vilivyofumba, vya nje vimekwisha nyauka, na katikati yao kuna ukanda uliojaa unga wa njano. Lenga ukanda huo upande wako, kisha subiri nyuki azunguke mpaka akuelekee uso.

Kipepeo hukaa muda mrefu zaidi kwenye ua lenye vijiua vingi vilivyoshikana, kama lantana au zinia, kwa sababu anachomeka mrija wake kwenye kijiua kimoja baada ya kingine bila kuruka. Huyo anakupa sekunde kumi au zaidi.

Kisha angalia nyuma ya ua. Unataka angalau nusu mita ya nafasi kabla ya majani yanayofuata, la sivyo yatajitokeza kama michirizi. Petali ziwe nzima na zisiwe na utando wa buibui. Ukaguzi huu ufanye sasa, maana mdudu akishafika hutakuwa na nafasi.

Hatua ya 4: Mipangilio ya kamera

Anza na hali ya mkono (M, unapopanga kila kitu mwenyewe), tundu la f/11 (namba ikikua tundu hupungua), shata, yaani muda wa kupokea mwanga, ya 1/250 ya sekunde, ISO 400 (wepesi wa kamera kwa mwanga), ukiwa na flashi.

Sababu ya f/11 ni kina cha fokasi, yaani unene wa eneo linalotoka kali. Kwenye sensa ya fremu nzima kwa 1:1, f/11 inakupa takriban milimita 1.3 tu zilizo kali, na f/5.6 kama milimita 0.7. Ukipunguza ukuzaji hadi 1:2, f/11 ileile inakupa karibu milimita 4. Maana yake, kurudi nyuma kidogo na kukata picha baadaye mara nyingi ni busara kuliko kung'ang'ania 1:1.

Usivuke f/16. Kwa 1:1 tundu hufanya kazi kana kwamba namba yake imezidishwa mara mbili: f/11 inakuwa sawa na f/22, f/16 inakuwa f/32, na mwanga unaosambaa kwenye tundu dogo namna hiyo unalainisha picha yote. Ukiona vinywele vimepoteza ukali ilhali hakuna kilichotikisika, chanzo ndicho hicho.

Bila flashi, nyuki anayekula anahitaji angalau 1/500. Mabawa ni habari nyingine. Nyuki hupiga mabawa zaidi ya mara 200 kwa sekunde, hivyo hata kwa 1/1000 bawa limeshakwenda karibu robo ya mzunguko wake. Kuyagandisha kunataka kama 1/4000 na jua kali. Lakini kichwa kikali chenye mabawa yanayofifia kinaonyesha kiumbe anayeruka, na picha hiyo ina uhai kuliko ile ya mabawa yaliyosimama kama kioo.

Hatua ya 5: Mwanga

Flashi ya juu ya kamera ikiwekwa kwenye nguvu ya 1/8 au chini hutoa mmweko wa muda mfupi sana, kwa nyingi ni takriban 1/5000 ya sekunde au pungufu. Mmweko huo ndio unaomgandisha mdudu. Shata ya 1/250 inazuia tu mwanga wa mazingira usiache taswira hafifu ya pili. Kwa nguvu kamili mmweko ni mrefu, na utarudi kwenye ukungu uleule.

Flashi tupu haifai. Mwili wa nyuki unang'aa, na utapata doa jeupe kali juu ya jicho na mgongo. Kata karatasi ya plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, ya sentimita 20 kwa 25, uikunje kama paa kutoka kwenye flashi mpaka ukingo wa mbele wa lenzi. Kadiri paa hilo lilivyo pana na karibu na mdudu, ndivyo mwanga unavyolainika. Kipimo ni jicho la nyuki: mng'ao ukiwa kidoa chenye ukingo mkali, paa ni dogo au liko mbali. Ukiwa utando mpana unaofifia pembeni, umepata.

Mandhari ya nyuma ikitoka nyeusi tii mchana kweupe, ni kwa sababu mwanga wa flashi hupungua kwa mraba wa umbali, na majani ya nusu mita nyuma hayapati kitu. Panda hadi ISO 800 huku ukipunguza nguvu ya flashi, au shusha shata hadi 1/125.

Maua ya njano yana mtego wake. Histogramu ya jumla (mchoro wa kamera unaoonyesha mgawanyo wa mwangaza) inaonekana salama, kumbe rangi nyekundu imeshajaa na petali zimegeuka bapa lisilo na mishipa. Washa histogramu ya rangi tatu, upunguze mwangaza kwa theluthi moja hadi theluthi mbili za stopu (stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu).

Hatua ya 6: Kukaribia na kulenga

Angalia kivuli chako kabla ya miguu yako. Kivuli kikimpita kipepeo, ameondoka. Njoo ukiwa chini, usawa wa ua, kwa mwendo wa polepole usiokatika. Usimpumulie nyuki, pumzi inamsumbua.

Zima fokasi ya kujiendesha, kwa sababu kwa umbali huu inahangaika mbele na nyuma. Weka ukuzaji unaotaka, usiguse tena pete ya lenzi, kisha sogeza mwili wako mzima mbele taratibu mpaka jicho likaze. Piga tatu au nne mfululizo unapopita hapo. Bua likiwa imara na mdudu yuko mbali na vidole, lishike kwa mkono wa kushoto na uilaze lenzi juu ya mkono huohuo: ua na kamera vitayumba pamoja.

Lenga jicho. Jicho la nyuki wa asali lina vinywele vifupi, na vikionekana kimoja kimoja ujue fokasi imekaa. Kwa kipepeo aliyefumba mabawa, sensa iwe sambamba na mabawa. Mwangalie kutoka juu uone mstari wa mabawa, kisha kaa ubavuni pake. Ukipinda kidogo tu, bawa nusu kali nusu ukungu.

Hatua ya 7: Alfajiri, kuunganisha picha nyingi

Madume wa nyuki wapweke wa aina fulani hulala wakiwa wameng'ata bua kwa taya. Hao tu, na vipepeo waliolala, ndio wa kupigwa kwa tripodi. Tumia f/5.6, sogea milimita 0.4 kila picha. Kina cha milimita 10 kitataka picha 25 hivi, zitakazounganishwa kwenye programu. Kipapasio cha kichwani kikisogea katikati ya mfululizo, anza upya. Usiwapoze wadudu kwenye friji ili watulie: wanaumia, na miguu iliyokunjamana inaonekana wazi kwenye picha.

Kuhusu kuumwa

Nyuki aliye mauani hana haja na wewe mpaka abanwe. Mzinga ni jambo jingine, usipige picha kwenye njia ya mlango wake. Ukidungwa, kwangua mwiba mara moja na uondoke hapo, kwa sababu harufu inayobaki huwaita wenzake. Mwenye mzio asiende bila dawa yake.

Kuchagua picha

Fungua kila picha kwa asilimia 100 na utazame jicho kabla ya kitu kingine chochote. Jicho laini, futa, hata kama rangi ni nzuri. Kati ya zilizobaki, pendelea ile ambayo mrija wa kipepeo unaonekana ukiingia ndani ya kijiua, au ile ambayo vifurushi vya chavua kwenye miguu ya nyuma ya nyuki havijafichwa na petali. Ukikata picha, acha nafasi zaidi upande ambao mdudu anatazama.