Kujiandaa kwa Upasuaji wa Uti wa Mgongo Ukiwa na Kisukari
Ukipangiwa upasuaji wa uti wa mgongo, omba kwanza kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi 3 iliyopita, kwani sukari iliyokaa juu muda mrefu hudhoofisha kinga, huchelewesha kidonda kupona na, pale pingili zinapounganishwa kwa skrubu, huweza kuzuia mifupa kushikana. Madaktari wengi hupendelea kiwango kisichozidi asilimia 8. Kikizidi, na hakuna dharura kama miguu kupooza ghafla au kushindwa kuzuia mkojo, ni heri kusubiri.

Mweleze daktari wa usingizi dawa zote unazotumia. Dapagliflozin na empagliflozin, ambazo ni dawa za kisukari, kwa kawaida husimamishwa siku 3 kabla ya upasuaji, maana zinaweza kusababisha asidi kujaa kwenye damu hata sukari ikionekana ya kawaida. Insulini usiiache kwa uamuzi wako.

Uliza pia kama ganzi ya nyayo inatokana na mgongo au na kisukari chenyewe, kwa sababu ganzi ya kisukari haiondolewi na upasuaji huo.

Ukisharuhusiwa kurudi nyumbani, mtu akukagulie mshono kila siku, kwa kuwa wewe mwenyewe huuoni. Wekundu unaosambaa, usaha au homa vikijitokeza, rudi hospitali siku hiyohiyo.